Jinsi ya kuweka slaidi za maktaba ndogo mtandaoni na zikafunguka kwa kila mtu

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza: slaidi nimeziweka mtandaoni lakini wasomaji wanasema hazifunguki, nifanyeje? Mwingine anauliza aziweke wapi, mwingine anataka zizunguke zenyewe kwenye skrini ya pale mlangoni, mwingine alishaprinti QR (ile picha ya visanduku inayosomwa kwa kamera ya simu) akabandika ukutani ndo anagundua haisomi. Nimechoka kujibu kwa vipande vipande kwa hiyo nimekaa nikaandika yote, na matatizo ya kawaida nimeyaweka huko chini karibu na mwisho. Hii ni kwa maktaba ndogo, ile yenye mkutubi mmoja au wawili, kompyuta chache, hakuna mtu wa IT, na wewe mwenyewe ndo unafungua mlango asubuhi na ndo unarudisha vitabu kwenye shelfu jioni.

Kitu kimoja tu ukishike kabla hatujaanza. Kazi ya slaidi haijaisha pale ulipomaliza kupanga rangi na picha, inaisha pale mtu asiyekujua kabisa, ana simu ya kawaida, anaifungua mwenyewe bila kukupigia wewe. Karibu kila hatua hapa chini ipo kwa sababu hiyo.

Andaa hivi kwanza

- Akaunti ya barua pepe ya maktaba, ya Google (Gmail). Siyo yako, ya maktaba. Nitarudia.
- Simu nyingine ambayo haijaingia kwenye hiyo akaunti, hata ya kuazima dakika tano.
- Slaidi zenyewe, hata kama bado ni rasimu. Za kuanzia nzuri ni jinsi ya kutafuta kitabu kwenye katalogi, vitabu vipya vya mwezi, au masharti ya kuazima.
- Flashi moja ya kuwekea nakala.
- Picha ulizopiga mwenyewe au zenye ruhusa ya kutumika.

Sasa hiyo akaunti. Kwenye maktaba moja niliyowahi kufanya kazi mwenzetu alitengeneza slaidi zote za mafunzo kwa akaunti yake binafsi, kazi nzuri kweli kweli, alafu akahama kikazi. Baada ya muda akafanya usafi kwenye akaunti yake akafuta faili asizozihitaji, na hana kosa maana zilikuwa zake, sisi tukabaki na mabango ukutani yenye linki zinazoenda hewani. Tangu siku hiyo sianzi kitu bila akaunti ya maktaba, pasiwedi yake imeandikwa na kufungiwa mahali ambapo watu wawili wanapajua, na namba ya simu ya kurejeshea akaunti siyo ya mtu mmoja anayeweza kuondoka kesho. Pia hakikisha mtu anaingia humo mara kwa mara, kwa sababu Google wanaweza kufuta akaunti ya kawaida, isiyo ya taasisi, ambayo haijaguswa miaka 2.

Uweke wapi?

Hapa watu wanapoteza siku nzima wakati uamuzi ni mdogo. Jiulize: hii slaidi nitaibadilisha tena au imeshakuwa?

Kama itabadilika (ratiba, vitabu vipya, saa za kufungua) tumia Google Slides, programu ya Google ya kutengenezea slaidi mtandaoni. Unarekebisha ndani, linki inabaki ile ile, msomaji anaona toleo jipya bila wewe kutuma kitu. Bure unapata nafasi ya GB 15, ila kumbuka hiyo nafasi inagawanwa na barua pepe na picha za akaunti hiyo hiyo.

Kama imeshakamilika na unataka hata watu wasiokufahamu waikute wakitafuta, hapo ndo SlideShare au Speaker Deck zinafaa, hizo ni tovuti za kuonyeshea slaidi kwa watu wote. Speaker Deck inapokea PDF tu. SlideShare ni ya siku nyingi, ilianza 2006, LinkedIn wakainunua 2012, alafu 2020 ikahamia kwa Scribd, na leo ina matangazo ambayo msomaji mgeni anaweza kuyabonyeza akidhani ni sehemu ya slaidi zako. Huo mzunguko wa wenyewe unatosha kukuonyesha kwamba mahali pa kuonyeshea siyo mahali pa kutunzia. Faili ya asili ikae kwako.

Mimi kwa maktaba ndogo nasema anza na Google Slides peke yake, hayo mengine utayaongeza ukiona unayahitaji. Hatua zinazofuata zinatumia hiyo. Majina ya vitufe nimeyaandika kwa kiswahili, menyu yako ikiwa lugha nyingine utavikuta sehemu zile zile.

Hatua zenyewe

1. Tengeneza folda moja na upe faili majina yanayoeleweka. Ingia kwa akaunti ya maktaba, fungua Drive (sehemu ya Google ya kuwekea faili), tengeneza folda inaitwa "Slaidi za wasomaji". Faili ipewe jina la kazi yake: "Kutafuta kitabu kwenye katalogi". Siyo "slaidi mpya", siyo "final", siyo "final ya mwisho kabisa 2". Kama ni ya kila mwezi anza na mwaka na mwezi, mfano "2025-03 vitabu vipya", zitajipanga zenyewe kwa mfuatano.

2. Punguza uzito wa picha kabla ya kuziingiza. Picha ya simu moja inaweza kufika MB 4 au zaidi, weka kumi na tano una slaidi za MB 60 na msomaji anamaliza bando anakuangalia wewe. Skrini nyingi na projekta nzuri zinaonyesha pikseli 1920 kwa 1080, kwa hiyo picha yenye upana wa 1920 inatosha hata ikijaza slaidi nzima, na ikikaa nusu ya slaidi, upana wa pikseli 1000 hivi unatosha. Ukishaiingiza picha kubwa alafu ukaivuta kona iwe ndogo, uzito unabaki ule ule, umeibana kwa macho tu. Ipunguze kwanza kwenye programu ya picha, hata ile iliyokuja na kompyuta.

3. Andika kwa ajili ya simu. Sisi tunatengeneza kwenye kompyuta kubwa tunaona kila kitu kimekaa vizuri, msomaji anaangalia kwenye kioo cha kiganja. Herufi za maelezo zisishuke chini ya 24, kichwa cha habari kiwe kikubwa zaidi, mistari mitano sita kwa slaidi imetosha, maandishi meusi kwenye weupe au weupe kwenye rangi nzito. Njano kwenye nyeupe usiweke, tafadhali. Kama slaidi inaonyesha jinsi ya kutafuta kwenye katalogi usiweke picha ya skrini nzima, kata kipande kile cha kisanduku cha kutafutia tu alafu weka mshale.

4. Picha zisizo na maandishi ya maelezo zipe maelezo. Bonyeza picha, shika Ctrl+Alt+Y, andika sentensi moja inayosema kuna nini. Msomaji asiyeona anatumia programu inayomsomea skrini na bila hayo maelezo anasikia neno "picha" basi.

5. Pitia vitu visivyotakiwa kutoka nje. Angalia na yale maelezo ya msemaji chini ya slaidi, wengi hawajui kwamba mtu mwenye linki ya faili anaweza kuyasoma. Niliwahi kuandika pale "huyu wa darasa la jumanne anachelewa elewa, nenda taratibu" na nikashea linki kwa darasa zima la jumanne. Sitaki kukumbuka. Na majina ya wanaodaiwa vitabu yasionekane popote kwenye slaidi, hata kama una hasira nao. Picha za watoto uwe na ruhusa ya wazazi. Picha za mtandaoni tumia zenye leseni iliyo wazi, Wikimedia Commons zipo nyingi, na chini ya picha andika jina la mpigaji na leseni kama leseni inavyodai, kwa mfano zile za CC BY, zinazokuruhusu kutumia picha mradi umtaje mwenyewe.

6. Weka ruhusa ya kuangalia. Hii ndo hatua inayoua watu. Bonyeza kitufe cha kushea juu kulia, shuka sehemu ya ruhusa za jumla, badilisha kutoka "zilizozuiliwa" iwe "mtu yeyote mwenye linki", na pembeni yake hakikisha imeandikwa mtazamaji. Siyo mhariri. Nakili linki.

   Makosa ni mawili na nimeyafanya yote. La kwanza ni kuacha imezuiliwa: wewe inafunguka kwa sababu uko ndani ya akaunti, wengine wote wanakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa. Mzee mmoja anayekuja kusoma magazeti alininyooshea simu akasema "mwanangu, hii inaniambia niombe ruhusa, sasa niombe kwa nani na wewe umesimama hapa?" La pili ni kuweka mhariri. Niliprinti QR yenye ruhusa ya kuhariri nikabandika sehemu ya watoto ijumaa, jumatatu nakuja nakuta slaidi ya saa za kufungua imeandikwa maktaba imefungwa milele, chini kuna picha ya paka. Sijui nani na sikutafuta, kosa lilikuwa langu.

7. Rekebisha mkia wa linki. Linki uliyonakili ina neno *edit* kuelekea mwisho. Futa kuanzia hapo mpaka mwisho wa linki na uweke moja ya haya kulingana na unachotaka:
   - *preview*: inafungua slaidi safi bila menyu za juu, hii ndo ya kumpa msomaji wa kawaida
   - *present*: inafungua moja kwa moja kwa skrini nzima
   - *copy*: inamwambia mtu atengeneze nakala yake, nzuri kwa mwalimu anayetaka kuibadilisha bila kugusa yako
   - *export/pdf*: inashusha PDF papo hapo

   Ruhusa bado inatokana na hatua ya 6, mkia haufungui mlango uliofungwa.

8. Jaribu kama mgeni. Fungua dirisha fiche kwenye brauza (incognito, lisilojua kwamba umeingia kwenye akaunti), bandika linki. Alafu chukua ile simu nyingine, zima waifai utumie data, fungua tena. Ikichukua muda mpaka umeanza kuangalia saa, rudi hatua ya 2. Usiruke hii hatua kwa sababu "mbona kwangu inafunguka".

9. Tengeneza QR. Usitumie tovuti za QR zinazokuambia ujisajili, nyingi zinatengeneza QR inayopitia kwao kwanza na siku wakiizima au wakitaka hela bango lako limekufa. Chrome yenyewe ina uwezo: fungua ile linki yako ya *preview*, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye ukurasa, chagua kutengeneza QR. Hiyo linki imechorwa ndani ya picha yenyewe na haina muda wa kuisha, itafanya kazi muda wote ambao faili ipo. Ukubwa: gawanya umbali wa msomaji kwa kumi. Mtu akisimama sentimita 50 QR iwe na upana wa sentimita 5, kwenye ukuta wa mita moja na nusu weka 15. Iache na ukingo mweupe pande zote, usiizungushie maua, na chini yake andika kwa maneno inampeleka mtu wapi. Jaribu ile iliyoprintiwa, siyo ya kwenye skrini.

10. Weka linki kule msomaji anakopita tayari. Kama maktaba yako inatumia Koha (programu ya kuendeshea maktaba) au mfumo mwingine wa MARC, yaani muundo wa rekodi za katalogi wenye sehemu za namba, sehemu ya 856 kwenye rekodi ni ya mambo ya mtandaoni: linki inakaa kwenye *u*, na maneno ya kubonyeza kwenye *y*. Kwa hiyo kile kitabu cha hesabu ambacho umekitengenezea slaidi za mazoezi, mtu akikitafuta kwenye katalogi anakuta na slaidi hapo hapo. Wachache sana wanafanya hivi na ni kazi ya dakika mbili. Huna mfumo wa kompyuta? Bandika QR ndogo ndani ya jalada la kitabu.

11. Tunza nakala. Ukimaliza, shusha PPTX (faili ya PowerPoint) na PDF, weka kwenye flashi, andika tarehe. PDF inapoteza miondoko yote ya slaidi lakini inafunguka popote na herufi hazihami, ndo itakuokoa siku intaneti imekata na watu wameshakaa.

Kwa wanaotaka skrini ya mlangoni izunguke yenyewe

Nenda Faili, kushea, chapisha kwenye wavuti. Chagua sekunde za kila slaidi, weka alama kwenye kuanza yenyewe na kurudia baada ya slaidi ya mwisho, chapisha, nakili linki. Ukiiangalia utaona mwishoni ina kitu kama *start=true&loop=true&delayms=10000*. Hiyo namba ni milisekunde, 10000 ni sekunde 10, unaweza kuibadilisha kwa mkono, 15000 na kadhalika. Kujua muda unaotosha simama mbele ya skrini usome slaidi yenye maneno mengi kwa sauti ya kawaida, ongeza kidogo kwa sababu wewe ulishaijua. Fungua kwenye brauza, bonyeza F11, na uzime ile mipangilio ya kompyuta kulala, la sivyo saa nne asubuhi una kioo cheusi mlangoni.

Tahadhari: kuchapisha na kushea ni vitu viwili tofauti. Ukifunga ruhusa ya kushea, kile ulichochapisha kinaweza kuendelea kuonekana mpaka ukaache kuchapisha kule kule ulikoanzia. Na mabadiliko yako hayatokei pale pale, subiri dakika chache kabla hujaanza kubonyeza bonyeza.

Ikikataa

*Msomaji anaona ukurasa wa kuomba ruhusa.* Hatua ya 6. Ukikuta ni mtazamaji, mtu yeyote mwenye linki, na bado inakataa, basi angalia kama akaunti yako ni ya taasisi. Akaunti za shule na ofisi zinaweza kuwa zimefungwa na msimamizi zisishee nje, na chaguo la mtu yeyote hata halionekani. Hapo ni kumuomba msimamizi au kutumia akaunti ya kawaida ya maktaba.

*Herufi zimehama, maneno yanatoka nje ya kisanduku.* Ulitengeneza kwenye PowerPoint kwa fonti ambayo mtandaoni haipo, ikabadilishwa na nyingine pana zaidi. Badilisha iwe ya kawaida kama Arial kabla ya kupakia, au pakia PDF kule Speaker Deck ambako haiguswi.

*PowerPoint inakataa kugeuzwa kuwa Google Slides.* Angalia uzito, mwisho ni MB 100. Mara nyingi ni video iliyoingizwa ndani. Itoe, iweke pembeni, kwenye slaidi weka linki tu.

*QR haisomi.* Angalia kama umeiprinti nyeupe kwenye nyeusi, kama ukingo mweupe umekatwa na mkasi, au kama printa imeishiwa wino ikachora mistari. Ikisoma lakini inaenda kwenye ukurasa wa kosa, basi ulinakili linki nusu.

*Mtu ameharibu slaidi.* Faili, historia ya matoleo, chagua la kabla ya uharibifu, rejesha. Alafu rudi hatua ya 6 ukatoe uhariri. Kama faili yenyewe ndo imefutwa iko kwenye pipa la Drive siku 30, baada ya hapo imeondoka.

*Intaneti imekata katikati ya mafunzo.* Chomeka flashi, fungua PDF, kwa Adobe Reader bonyeza Ctrl+L inajaza skrini, endelea na slaidi uliyoishia. Google Slides ina namna ya kufanya kazi bila intaneti kwenye Chrome lakini lazima uwe umeiwasha mapema ukiwa hewani, ukikumbuka wakati taa ya modemu imeshazima umechelewa.

*Linki ya zamani ipo kwenye mabango na faili ni mpya.* Usiprinti upya kwanza. Fungua ile faili ya zamani, futa slaidi zake, ingiza zile mpya humo humo kwa kutumia Faili alafu ingiza slaidi. Linki haijaguswa, bango linabaki ukutani.